Kujipima Kabla ya Kumpima Mwenzio

Ni desturi ya mwanadamu kuyaona makosa ya mwenziwe upesi, na yake mwenyewe kwa shida. Karani husema kazi haiendi kwa kuwa mkubwa wake ni mkali. Mkulima husema ugomvi wa mpaka haukomi kwa kuwa jirani yake ana choyo. Pengine maneno hayo ni kweli. Lakini ni nadra asemaye kujiuliza ni sehemu gani ya ugomvi huo iliyotoka moyoni mwake yeye.

Jambo hili lilionekana wazi huko Gahini, mashariki ya Rwanda, katika hospitali ya misheni ya Kianglikana. Mwishoni mwa miaka ya 1920 nchi ile ilipatwa na njaa kubwa, na watumishi wa hospitali wakachoka mwili na roho. Mwaka 1929 daktari wao, Mwingereza Joe Church, alikwenda Kampala, na katika kilima cha Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wawili hao walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja.

Baadaye Yosiya Kinuka, mkubwa wa wasaidizi wa hospitali, alisafiri hadi kwa Nsibambi akiwa amejaa manung'uniko juu ya mambo ya Gahini. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba shida ya hospitali ile ilitokana na dhambi iliyokuwamo moyoni mwake yeye Yosiya. Neno hilo lilikuwa chungu, maana aliyekwenda kushtaki alijikuta ameshtakiwa. Hata hivyo hakulitupa. Alipokuwa njiani kurudi alijipima, akaona ni kweli, akarejea kazini mtu mwingine. Hatimaye akawa mmoja wa viongozi wa Uamsho wa Afrika Mashariki.

Uamsho huo ulivuka mipaka, na mwaka 1937 wajumbe kutoka Rwanda walifika Kabete, karibu na Nairobi. Alama yake haikuwa nyimbo na machozi peke yake. Watu walirudisha vitu walivyoiba, na Wazungu na Waafrika wakaombana msamaha. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Moyo nao una maradhi yake, nayo hayaponi yakifichwa.

Lakini kujipima kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kiburi. Mtu aliyekwisha kuungama aweza kuwadharau wasioungama kama yeye, na hapo boriti aliyoitoa jichoni hurudi kwa mlango wa nyuma. Hata katika Uamsho walikuwako walioanguka hivyo.

Hatari ya pili ni kulitumia neno hili kumnyamazisha aliyedhulumiwa. Si haki mwenye nguvu kumwambia mnyonge ajichunguze, huku yeye akiendelea kumwonea. Kujipima si kukubali uovu, bali humpa mtu nguvu za kuukataa. Katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyoanza Kenya mwaka 1952, wengi wa ndugu wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na pia wakakataa kushika silaha upande wa Serikali. Walichukiwa na pande zote mbili, na wengine wakauawa. Watu waliozoea kuichunguza mioyo yao hawakuchukuliwa kwa urahisi na chuki ya makundi.

Basi yafaa Mkristo atenge dakika chache kila jioni, ajihoji mbele za Mungu. Je, leo amemsema nani asipokuwapo? Ameshika nini kisicho chake, ikiwa ni fedha, saa za kazi, au hatua moja ya shamba? Ni nani anayemngojea aje kuomba msamaha? Akiisha kupata jibu, asingoje kesho kutwa. Na aende kwa mtu huyo, ataje kosa lake kwa jina, wala asiongeze neno juu ya kosa la mwenziwe.

Huenda jirani asibadilike hata hivyo. Mkubwa naye aweza kubaki mkali vile vile. Lakini nyumbani na kazini patakuwa na ugomvi uliopungukiwa na mtu mmoja wa kuuchochea, na mtu huyo atakapolazimika kudai haki yake, ataidai kwa moyo mweupe.