Jedi Haichongwi

Kwanza tuelewane: nikisema jedi, sio wale jamaa wa Star Wars wenye panga za mwanga. Namaanisha jiwe. Lile la kijani, wakati mwingine jeupe kama mafuta ya kondoo, ambalo Wachina wamelithamini kwa zaidi ya miaka 5,000.

Mimi ni mchongaji wa Machakos. Mchana nachonga, usiku naandika fantasia. Jedi yenyewe sijawahi kuishika. Tulikutana kwenye hadithi za xianxia, nilizozisoma kwa simu na bandoli za shilingi 20. Humo ndani, mwalimu anahifadhi elimu yake yote kwenye kipande cha jedi. Mwanafunzi anakiweka kwenye paji la uso, maktaba nzima inaingia kichwani. Mimi niliyekuwa nagawana kitabu kimoja na wenzangu wanne darasani, hiyo ilinimaliza.

Nikaanza kutafuta habari za jiwe lenyewe. Kumbe jedi haichongwi. Ni ngumu kiasi kwamba kisu cha kawaida hakiikwaruzi. Mafundi wa Liangzhu, mashariki mwa Uchina, waliisaga kwa mchanga mgumu na maji, polepole, siku baada ya siku, mpaka umbo litokee. Sisi huku ni tezo: unapiga, vibanzi vinaruka, na kabla chai haijapoa shingo ya twiga imeshaonekana. Tangu nijue hilo, hata sentensi zangu nazifanyia hivyo. Narudi pale pale, nasugua, nasugua tena.

Shida ni kwamba dalali hataki jiwe wala joka. Anataka twiga. Twiga wa inchi 12, twiga wa inchi 18, jozi, wanaolingana. Mwaitu anauliza kama hayo majoka yatalipa kodi. Mhariri mmoja niliyemtumia riwaya yangu alijibu kwamba imeandikwa vizuri ila "si ya Kiafrika". Na mjomba, mwenye karakana, amenipa mpaka Desemba. "Kijana, watu hawali joka. Rudi kwa twiga ama utafute kibanda kingine."

Hilo neno la mhariri ndilo lililonikaa. Kwa sababu tukianza kuulizana nini ni chetu, tutafika mbali.

Ukishika barabara ya kwenda Kitui utapita Wamunyu, kitovu cha uchongaji wa Wakamba. Waulize wazee pale, watakutajia Mutisya wa Munge. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa Tanganyika, akaona wachongaji wa huko wakifanya kazi, akarudi nyumbani na ule ujuzi. Kazi inayoitwa leo "sanaa ya jadi ya Kikamba" kwenye maduka ya watalii ilipata nguvu kutokana na mtu aliyependa kitu cha wenyewe, akakijaribu kwa mti wa kwao.

Halafu huyo twiga. Mwaka 1415, ujumbe kutoka Malindi ulimfikisha twiga hai kwenye ikulu ya mfalme wa Ming. Wachina walipomwona walisema huyu ni qilin, mnyama wa hadithi zao anayejitokeza enzi ya mtawala mwema. Yaani mnyama ninayemchonga mpaka namchoka, kwa wenzetu alikuwa fantasia inayotembea kwa miguu minne.

Nikirudi nyuma, naona hata mawe yetu yanaongea lugha moja. Riwaya ya Cao Xueqin, Hong Lou Meng, ya karne ya 18, inaanza na jiwe lililobaki baada ya mungu wa kike Nüwa kuziba mbingu. Shujaa wake anazaliwa na jedi mdomoni. Nami nikiwa mdogo, susu alinisimulia jinsi Mulungu alivyowashusha watu wa kwanza juu ya jiwe la Nzaui, na nyayo zao ziko pale hadi leo. Hapa karibu, Kituluni, watu wanaenda kupiga video za maji yanayoonekana kupanda mlima. Tunaishi katikati ya maajabu, lakini ukiyaandika unaambiwa umeiga.

Kwa hivyo riwaya yangu sijaibadilisha. Shujaa ni msichana wa Mutituni anayeokota jiwe la kijani mtoni na kusikia ndani yake sauti za waliokufa wakati wa njaa. Iimu yumo. Joka pia yumo.

Desemba bado. Asubuhi nachonga twiga wa dalali, kumi kumi, kwa sababu kodi haisubiri sanaa. Jioni nashughulikia mmoja wangu wa mti wa mwarobaini: shingo ya twiga, mwili wa magamba. Siutumii tezo tena, ni msasa tu. Mjomba alipita juzi, akamgeuza geuza, akauliza ni bei gani. Nikamwambia bado hajaisha.

Kama nawe unaandika au unatengeneza kitu ambacho watu wanakiita cha kigeni, usikitupe. Waulize tu twiga wa dukani alianzia wapi.