Kuvuta si nguvu tu

Mmeniuliza watu wa huku Ohio wikiendi wanafanya nini. Leo nawapa mchezo ambao nyumbani sikuwahi hata kuusikia: mashindano ya kuvuta mzigo kwa vitrekta vya bustani. Ndiyo, vile vya kukatia nyasi!

Matrekta makubwa yana mashindano yao ya taifa mjini Bowling Green, yaliyoanza 1967. Kwenye mchezo huo, mara nyingi ukivuta futi 300, kama mita 91, umemaliza uwanja. Lakini mimi nimewapenda hawa wadogo wa kwenye maonyesho ya wilaya, yanayofanana kidogo na Nanenane yetu.

Kitrekta kinafungwa kwa mnyororo kwenye tela lenye sanduku la vyuma. Mwanzoni sanduku liko nyuma, juu ya magurudumu ya tela, kwa hiyo mzigo ni mwepesi. Unavyosonga, nalo linasogea mbele, ambako tela halina magurudumu bali bamba la chuma linalokandamiza udongo. Yaani kila hatua mzigo unazidi, mpaka kitrekta kinagoma. Aliyefika mbali ndiye mshindi.

Nilidhani ni injini tu. Kumbe dereva ndiye mwenye kazi! Mnyororo unaukaza taratibu; ukishtua, matairi yanachimba shimo na safari imeishia hapo hapo. Magurudumu ya mbele yanyanyuke kidogo, uzito uhamie nyuma kwenye matairi yanayovuta. Yakinyanyuka mno, usukani hauna kazi tena, unachepuka nje ya mstari. Ndiyo maana wananing'iniza vyuma mbele, na kabla ya kuingia uwanjani wanabishana kama kiongezwe kimoja au kipunguzwe. Kuna na waya wa usalama: kitrekta kikichomoka kwenye tela, waya unang'oka na injini inazima.

Aliyenieleza yote haya ni mzee mmoja mshindani. Akiwa katikati ya maelezo, akaja binti wa daraja lake la uzito, amepungukiwa vyuma. Mzee akampa viwili vyake, akapiga magoti na kumfungia boliti mwenyewe. Basi bwana, binti akamzidi kama mita mbili! Mzee anacheka, anampiga piga begani.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, si umejimaliza mwenyewe?"

Akanijibu, "Ningemshinda akiwa hana vyuma, ningekuwa nimeshinda nini?"

Jibu hilo limenikaa kichwani. Mnajua nasomea ualimu. Kidato cha sita, kule nilikosoma, matokeo yalibandikwa ukutani kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Rafiki yangu aliomba daftari la fizikia usiku wa kuamkia mtihani, mwenye nalo akasema limepotea. Asubuhi tukamwona nalo mlangoni, analipitia. Rafiki yangu hakupata nafasi ya chuo. Siwezi kusema ni kwa sababu ya daftari tu, ila sijasahau uso wake.

Hawa wa vitrekta nao wanapangwa wa kwanza mpaka wa mwisho, tena kwa futi kupimwa. Kwa hiyo tatizo si kushindana. Mwakani naanza mazoezi ya kufundisha, na hilo ndilo ninalotaka kulijua: darasani, nani atafundisha watoto kuazimana vyuma?

Walimu mnaopita hapa, nipeni uzoefu wenu. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.