Chumvi

Nakiri: nilikuwa mlevi wa maneno makubwa. Nilipotoka kwetu Nyamahanga kwenda Mwanza kusoma, niliamini Kiingereza kizuri ni kile kinachomkimbiza msomaji kwenye kamusi. Niliyaokota magazetini na kwenye ripoti, nikayatunza kama vyombo vya wageni.

Likizo moja nikarudi nyumbani na hadithi yangu ya kwanza ya Kiingereza. Ilihusu mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walipovuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja hivi. Mama aliyaona, siku hizo alikuwa kwa shangazi yake, karibu na barabara. Nilianza hivi: "There was a massive influx of refugees."

"Ndiyo kusema nini?" Mama akauliza, huku akichambua maharage.

"Kulikuwa na mmiminiko mkubwa wa wakimbizi."

Akanyamaza kidogo. "Mmiminiko? Kwani yalikuwa maji, mwanangu? Mmoja alisimama mlangoni kwetu, mtoto mgongoni, akaomba chumvi. Tulielewana, si unajua Kinyarwanda na Kihangaza ni ndugu. Huyo umemweka wapi?"

Nikapekua karatasi. Kumbe alikuwemo, ila nilikuwa nimemfunika: "The displaced population requested assistance."

Usiku ule niliandika upya: "They came. A woman asked my mother for salt."

Tazama maneno hayo. "Came", "woman", "asked", "salt" ni ya Waingereza wa kale, ya jikoni na shambani. "Influx", "requested" na "assistance" asili yake ni Kilatini, na mengi ya aina hiyo yaliingia kwa njia ya Kifaransa baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, yakakaa mahakamani na ofisini. Hata sisi twajua: aliyekufa na aliyefariki ni maiti mmoja, lakini wasemaji ni wawili.

Sisemi neno kubwa ni kosa. Anayehesabu mahema na magunia ya mahindi anaihitaji "influx" yake. Lakini mimi sikuwa ofisa. Nilikuwa mtoto wa aliyefungua mlango, halafu nikaazima sauti ya ofisa.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitoa riwaya yake Paradise mwaka huohuo wa 1994. Humo kijana Yusuf anamwita tajiri Aziz mjomba, na mwenzake Khalil anamkosoa: huyo si mjomba wako, mwite seyyid. Neno moja tu, na msomaji anaanza kuona kwamba mtoto huyu ni rehani ya deni la baba yake.

Asubuhi nikamsomea Mama ile mpya, nikimfasiria sentensi kwa sentensi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniangalia.

"Sasa nimemwona," akasema. "Lakini mbona hujasema kama nilimpa?"