Piga Hodi Kwanza

Hapa chuoni kuna watu wanasimama kuwasilisha kazi mbele ya darasa zima bila kutoka jasho, lakini akikaa mtu mzuri kimbweta cha jirani, Kiswahili chote kinawaisha. Hapo ama wanakaa kimya, ama wanakurupuka na "Mrembo, naomba namba." Mimi ni binti, na hilo la pili nimelisikia hadi basi. Siwalaumu kwa ujasiri. Shida ni kwamba mtu anaomba namba kabla hajajua kama nataka hata kuongea.

Na wala hatujakosa pa kuanzia. Kwetu kumsalimia mtu usiyemjua hakuhitaji sababu. Kwenye daladala tunasalimiana na wazee wa watu kila siku. Halafu jibu la salamu linasema mengi. Ukisema "Mambo?" akakujibu "Poa" huku macho yanarudi kwenye daftari, umeshajibiwa. Akisema "Poa, za kwako?" hapo endelea.

Wazee wa pwani walifundisha kwamba mgeni hupiga hodi akiwa nje. Akipiga mara tatu bila kukaribishwa, anaondoka, hachungulii dirishani. Salamu ni hodi hiyohiyo. Sasa wengi wetu tunachungulia.

Ukikaribishwa, useme nini? Sisi wa Ualimu tunafundishwa kuanza somo na kile ambacho mwanafunzi tayari anakijua. Watu wawili wasiojuana wanachokijua wote ni mahali walipo: foleni, umeme uliokatika, mwalimu ambaye hajatokea. Anza hapo, siyo kwenye umbo lake. Na uliza swali la wazi. "Unasoma hapa?" linajibiwa "Ndiyo" na stori imekufa.

Muhula uliopita nilikuwa kwenye foleni ya kutoa kopi, mbele yangu kaka mmoja mzuri, niseme tu ukweli. Wasichana tumelelewa kusubiri tuanzwe. Nikamwambia, "Samahani kaka, hii foleni inatembea au tumesimama kupigwa picha?" Akacheka. Tukaongea kama dakika ishirini, kuhusu mashine inayotafuna karatasi, kuhusu kwao na kwetu. Zamu yake ikafika, akalipa, akaniambia, "Haya dada, siku njema," akaenda zake.

Nilitamani abaki kidogo. Hakubaki, na sikumfuata. Haki ya kuondoka ninayoidai mimi, na yeye anayo.

Nasisitiza hili kwa sababu ya rafiki yangu mmoja. Alizoea kusomea vimbweta vya nje jioni, kuna hewa. Kaka mmoja akawa anamfuata kila siku, anajibiwa kwa mkato, kesho anarudi. Hakumtukana, hakumgusa. Ila rafiki yangu aliishia kuhamia chumbani, anasomea kitandani, wenzake wanapika na kupiga stori pembeni. Mtihani wa mwisho aliusomea hivyo. Yule kaka pengine hadi leo anajiona mvumilivu.

Kwa hiyo kaka zangu, na dada zangu pia: salimieni. Chuo hiki kina watu wengi wazuri kuwajua, na miaka mitatu inapita haraka. Salimia, sikiliza jibu, ongea kama umekaribishwa. Kama hujakaribishwa, sema "Haya, masomo mema," rudi kwenye kimbweta chako. Kesho mkikutana, atakuwa na sababu ya kukuitikia.