Kila Kikohozi Si Kifua Kikuu



Ninalokuandikia leo ni kosa langu mwenyewe, huenda likakufaa. Mjomba wangu, mkulima wa tangawizi katika milima ya Upare juu ya mji wa Same, alikohoa mwaka mzima. Kifua kilimlia filimbi, na siku nyingine makohozi yalitoka na damu. Katika zahanati moja aliambiwa ni kifua kikuu, ijapokuwa makohozi yalipopimwa hayakuonyesha vijidudu. Akameza dawa miezi sita. Alipokosa nafuu nikamlaumu mbele ya wanawe: "Mjomba, wewe dawa huzimezi!" Mzee akanitazama, akanyamaza.

Baadaye ikazuka ajabu nyingine. Uso ulimpanda joto kwa ghafla, na tumbo likamwendesha kila siku. Wako waliosema amerogwa. Tukamshusha Same, tukapanda naye basi mpaka Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Madaktari wakapitisha mpira mwembamba wenye taa katika njia za pumzi, wakakata kipande kidogo cha nyama. Picha zikaonyesha madoa katika ini.

Tukaelezwa kuwa ni uvimbe uitwao karsinoidi, jina lililotungwa na daktari Mjerumani, Siegfried Oberndorfer, mwaka 1907. Huota katika chembechembe zinazotoa homoni. Na homoni hizo zikienea katika damu, hasa uvimbe ukishafika ini, uso huwaka na tumbo huharisha. Picha peke yake haitoshi kuutambua: shurti nyama itiwe rangi maalumu na kutazamwa kwa darubini. Ni saratani adimu, na mara nyingi hukua polepole, kwa hiyo huweza kudhaniwa pumu kwa miaka. Kuung'oa wote hakukuwezekana tena, bali zipo sindano za kuituliza homoni na kuuchelewesha uvimbe.

Mjomba aliuliza neno moja tu: "Basi umeamini kuwa dawa nilizimeza?" Nikambusu mkono, nikamwomba radhi mbele ya wanawe wale wale.

Naam, ndugu msomaji, kifua kikuu kipo, na dawa zake zisikatizwe bila ya amri ya daktari. Lakini kikohozi kisiposikia dawa, omba kichunguzwe upya, wala usimtuhumu mgonjwa kwa dhana. Kutafuta tiba ni wajibu wetu. Shifaa yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Awaafu wagonjwa wetu wote. Amin.