Huko Sines Alikotoka Vasco da Gama

Jina la Vasco da Gama si geni kwa aliyesomea Kenya, na wengi wameuzuru ule mnara wake pale Malindi, wakapigwa picha wakarudi zao. Lakini ni wachache mno wanaouliza huyu bwana alitoka mji gani. Mimi swali hilo lilikuwa likinisumbua. Nilipojaliwa kufika Ureno, nilitenga siku mbili nikapanda basi hadi Sines.

Ni mji mdogo wa pwani, yapata kilomita 150 kusini mwa Lisbon. Kaskazini yake ni mchanga mtupu, ufuo ulionyooka kwa zaidi ya kilomita 50. Kisha ghafla mwamba mgumu unachomoza baharini na kufanya rasi. Nyuma ya rasi hiyo mna ghuba ndogo inayoelekea kusini, iliyoupa mgongo upepo mkali wa kaskazini-magharibi. Humo ndimo wavuvi walimotia nanga tangu zamani. Juu ya jabali ipo ngome kuukuu ambayo babake Vasco alikuwa mkuu wake, na sanamu ya mwana imesimama kando ikitazama bahari.

Basi, ndugu msomaji, rasi iliyowakinga wavuvi ndiyo iliyowaletea wageni wakubwa. Maji ya hapo yana kina kirefu, hata meli kubwa za mafuta huweza kukaribia nchi kavu. Mwaka wa 1971 serikali ikaamua kujenga bandari na viwanda. Bahari nayo haikukubali kirahisi: Februari 1978 dhoruba iliubomoa ukuta wa kuzuia mawimbi, ingawa ulikuwa umekingwa kwa madude ya zege ya tani 42 kila moja!

Kusini kidogo, katika ufuo wa São Torpes, maji yaliyopoza mitambo ya umeme wa makaa yalirudishwa baharini yakiwa vuguvugu. Watu wakafurahia kuogelea katika bahari ambayo kwa kawaida ni baridi ya kutetemesha. Mitambo ilifungwa Januari 2021, na baridi ikarudi.

Mzee mmoja mvuvi niliyemkuta chini ya ngome hakujali hayo ya kuogelea. Kupitia kwa mkalimani, nilimsimulia habari za Lamu, ambako bandari mpya ilifunguliwa mwaka huo huo wa 2021 baada ya wavuvi kwenda mahakamani kudai fidia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama walilipwa pesa taslimu au waliahidiwa mashua.