Rudi Saa Sita

Nilipoanza kazi ya picha Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, filamu moja ilikuwa na picha 36 na kila picha ilikuwa na bei yake. Hakuna aliyekulipa upige maji matupu. Maji yalikuwa ya kuwekwa nyuma ya watu: maarusi wanapelekwa ukingoni mwa ziwa Nzilo jua likikaribia kuzama, bwana anashika kiuno, bibi anatazama mbali. Ziwa lenyewe si la kale. Ni mto Lualaba uliozuiwa na bwawa la umeme la kampuni ya madini ya Union Minière mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini nani anauliza historia siku ya harusi?

Kamera ya dijitali ndiyo iliyonitoa kitandani alfajiri. Juni na Julai, huku kwetu kwenye zaidi ya mita 1,400, baridi ya kiangazi hulaza ukungu juu ya dembo, bonde letu la majimaji, na ndege fundichuma anaonekana nusu tu katikati ya mafunjo. Agosti na Septemba ni moshi wa nyasi zinazochomwa: jua linatoka jekundu kama sinia la shaba, unalitazama bila kukunja uso. Ukichelewa kufunga lenzi, limekwisha kupanda.

Siku moja nilimwonyesha mama muuza samaki picha zangu za mto Musonoi, zote za dhahabu. Akacheka. "Yaya, haya maji umeyapaka mafuta. Rudi saa sita mchana."

Nikarudi. Jua likiwa chini, mwanga hugonga uso wa maji kwa mshazari na kurudishwa. Unachopiga ni anga. Likiwa utosini, jicho linazama ndani. Palepale penye dhahabu nilikuta rangi ya saruji iliyokorogwa, na kando yake mawe yenye ukungu wa kijani. Mwanga wa alfajiri haubagui: maji ya kunywa na maji yaliyooshewa madini huyavika nguo moja.

Tangu hapo napiga mara mbili kutoka sehemu ileile. Wazo la kuweka picha hizo mbili pamoja sikulizua mimi. Msanii wa picha Sammy Baloji wa Lubumbashi, katika kazi yake "Mémoire" ya 2006, aliwarudisha wafanyakazi wa picha za zamani ndani ya magofu ya kampuni ya madini ya Gécamines, nyakati mbili kwenye karatasi moja. Mimi nyakati zangu zinatofautiana kwa saa sita tu. Ya alfajiri hununuliwa kwa kalenda. Ya mchana bado sijaiuza. Lakini zote zina kazi: shimo la mgodi wa KOV, hapa Kolwezi, lilijaa maji likawa ziwa, kisha pampu zikalikausha ili uchimbaji uendelee. Ziwa hilo sasa liko kwenye picha tu.

Kuna jambo moja la kuchekesha. Mlinzi anayenipungia mkono alfajiri, akidhani napiga ndege, ndiye huyohuyo anayeniuliza karatasi ya ruhusa saa sita.